Nani, au Kwa Nini?

Jambo likiharibika katika chama, kazini, au hata nyumbani, swali la kwanza litokalo vinywani mwetu ni hili: "Nani amefanya?" Akiisha kupatikana mtu, twaridhika, na kikao chafungwa. Baada ya miezi michache jambo lile lile latokea tena, nasi twastaajabu.

Katika kampuni ya magari ya Toyota, huko Japani, palikuwa na mkuu wa kazi aitwaye Taiichi Ohno (1912–1990), aliyewafundisha watu wake kuuliza swali jingine, "Kwa nini?", tena waliulize hata mara tano. Mfano alioutoa katika kitabu chake cha mwaka 1978 wafaa kusimuliwa. Mashine imesimama. Kwa nini? Ilielemewa, fyuzi ikaungua. Kwa nini ilielemewa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haikuyavuta sawasawa. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Na kwa nini umelika? Pampu haikuwa na kichujio, vipande vya chuma vikaingia ndani. Mtu aliyetosheka na jibu la kwanza angebadili fyuzi tu, na mashine ingesimama tena.

Si lazima maswali yawe matano. Pengine mawili yatosha. Kazi ngumu ni kupata jibu la kweli, maana kamati iliyoketi vitini yaweza kutunga majibu yanayowapendeza wote. Ndiyo sababu Ohno aliwahimiza watu waende mahali penyewe, wakatazame kwa macho yao. Tena katika viwanda vile hata mfanyakazi wa chini aliruhusiwa kusimamisha kazi aonapo kasoro. Mtu anayeogopa adhabu hawezi kueleza kwa nini. Atajibu lile litakalomwokoa.

Sisi tulijifunza hayo kwa uchungu. Zamani tulikuwa wajumbe katika kamati ya chama kidogo cha akiba. Fedha zilipungua, tukamwondoa mweka hazina. Hatukumwita mwizi waziwazi, lakini kijiji kizima kilielewa. Tukamweka mwingine tuliyemwamini sote. Mwaka haukuisha, fedha zikapungua tena.

Hapo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hakusema neno mkutanoni, alitusihi tuache kumtafuta mtu. Kwa nini fedha hazilingani na risiti? Wanachama wengine waliandikiwa risiti mara mbili. Kwa nini? Fedha zilipokewa sokoni, na risiti zikaandikwa siku za baadaye kwa kukumbuka tu. Kwa nini? Kitabu cha risiti kilikuwa kimoja, naye katibu alikiweka nyumbani mwake, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Na kwa nini kikakaa huko? Kwa sababu sisi wenyewe tuliagiza hivyo siku ya kuanzisha chama, tukidhani ndio ulinzi.

Kitabu cha pili kilinunuliwa kwa shilingi chache. Yule mweka hazina wa kwanza tulimwendea watu watatu, tukamwomba radhi. Alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wenzangu, mbona siku ile hapakuwa hata mmoja wenu aliyeniuliza fedha hupokewaje?"