Pikipiki mpya ya kupelekea mizigo machimboni: kabla hujaongeza kitu chochote, hesabu meno

Somo la leo ni la wale mliouza mpaka mkafika mahali pa kununua pikipiki yenu wenyewe, hasa sisi wa huku Katoro na Buseresere tunaouza mtandaoni kwa wateja walioko machimboni. Swali ninaloulizwa sana kwenye meseji ni "ninunue ipi?" Kwa maoni yangu swali hilo tunalipa uzito kuliko linavyostahili. Chukua pikipiki mbili za aina moja, zimetoka duka moja siku moja. Moja inaweza kukuletea faida na nyingine ikakutafuna, na tofauti yake ikawa jino moja tu la sproketi na namna mzigo ulivyofungwa.

Niwaambie yaliyonikuta. Nauza gambuti, tochi za kichwani, chaja na pawabanki kupitia status ya WhatsApp. Nilipochukua pikipiki mpya ya cc 150 niliiendesha hivyo hivyo ilivyotoka dukani. Kwenye lami ya kwenda Geita ilikuwa raha tupu. Siku moja ya masika nikapigiwa simu kutoka rashi moja upande wa Rwamgasa: wanataka gambuti jozi 20, na pesa ipo, mawe yameshasagwa. Wanaouza machimboni wanajua uzito wa neno hilo. Pesa ya mchimbaji ipo leo. Kesho imeshalipa deni la mama ntilie, imetumwa nyumbani, nyingine imerudi duarani.

Nikafunga mzigo nikaondoka. Njia ilikuwa mbaya lakini inapitika, mpaka kilima cha mwisho, udongo mwekundu umelowa chapachapa. Nikaweka gia ya kwanza, injini inataka kuzima. Nikabana klachi nusu nikaongeza mafuta, ikapanda kidogo, ikakwama tena. Nikaendelea hivyo hivyo karibu nusu saa mpaka nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Klachi ikawa inateleza tu, injini inalia na gurudumu halina habari. Nilisukuma. Nilipofika giza limeingia, na kuna mwenzangu alishafika na pikipiki kuukuu kuliko yangu, kauza. Nilirudi na jozi 14.

Fundi aliyenibadilishia sahani za klachi aliniuliza swali moja: "Mbele una meno mangapi?" Aisee, nilikuwa sijui kama kuna meno.

Sasa twende taratibu. Sproketi ni yale magurudumu mawili ya chuma yenye meno yanayozungushwa na cheni. Ndogo iko mbele, inatoka kwenye injini. Kubwa iko nyuma, imefungwa kwenye gurudumu. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele, unapata namba moja ambayo ndo tabia ya pikipiki yako. Chukulia yako ina 15 mbele na 42 nyuma: 42 gawanya kwa 15 ni 2.8. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, pikipiki ina nguvu ya kuvuta ila haina mbio. Ikiwa ndogo, ina mbio ila kwenye kilima inakuabisha. Mafundi husema gia "fupi" na gia "ndefu". Pikipiki nyingi za dukani zimepangwa kwa mtu anayetembea lami na barabara nzuri, kwa hiyo gia zake ni ndefu kidogo kwa kazi yetu.

Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Mtu anasikia "fupisha gia", anakwenda kununua sproketi kubwa ya nyuma, na cheni mpya ndefu juu yake. Piga hesabu kwanza. Ukitoa jino moja mbele, kutoka 15 kwenda 14, unapata 42 gawanya kwa 14, yaani 3.0 kamili. Ukitaka hiyo 3.0 kwa kubadilisha nyuma peke yake, utahitaji meno 45. Jino moja la mbele lina kazi sawa na matatu ya nyuma! Na sproketi ya mbele ni moja ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye pikipiki. Kwenye mashine nyingi imeshikwa na kisahani na boti mbili tu. Cheni yako ile ile inabaki, gurudumu la nyuma utalivuta nyuma kama milimita 3 kukaza cheni, basi.

Jino hilo moja linakupa nguvu ya kuvuta zaidi kwa asilimia 7 hivi katika kila gia, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Inaonekana kidogo, lakini kwenye kile kilima changu ndo ilikuwa tofauti ya kupanda klachi ikiwa imeachiwa na kupanda huku naichoma. Gharama yake utaiona kwenye lami. Kama spidi ya 60 ilikuwa inataka injini izunguke mara 5,000 kwa dakika, sasa itataka kama 5,350. Kelele inaongezeka, na mafuta ya safari ndefu ya lami yanaongezeka kiasi.

Kwa hiyo usibadilishe kwa sababu nimesema mimi. Jiulize: ile sehemu mbaya kuliko zote ninayopita na mzigo kamili, napanda na gia ya ngapi? Kama ni ya pili na injini haihangaiki, acha ilivyo. Kama ni ya kwanza na bado unabana klachi, toa jino moja. Kuna dalili nyingine watu hawaijui: kwenye lami ukiwa na mzigo, gia ya juu kabisa haivuti, kila ukiiweka spidi inashuka mpaka urudi ya chini yake. Hapo gia ya mwisho imekuwa pambo. Ukifupisha utaanza kuitumia, na wala hutapoteza spidi uliyodhani utapoteza.

Mwenye kazi yake kubwa Geita mjini na Bwanga kwa lami, na machimboni anakwenda mara moja kwa wiki, sioni sababu ya yeye kugusa kitu. Huyo ashughulike na tairi na mzigo, nitafika huko.

Usishuke chini ya hapo ovyo. Kuna vijana wanaweka 13 au hata 12 mbele. Cheni ikipita kwenye sproketi ndogo namna hiyo inajikunja sana, inaisha haraka, na inasugua ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kama jino moja halikutosha, hapo sasa ndipo uangalie sproketi ya nyuma.

Faida ya kufanya hivi pikipiki ikiwa mpya ni kwamba cheni na sproketi zote bado hazijalika. Cheni iliyolika ukiifunga na sproketi mpya inaila. Mimi ninazo mbili za mbele, ya 15 na ya 14. Mvua zikianza naweka 14, kiangazi kikikaa sawa narudisha 15. Zinazeeka pamoja na cheni, na siku ya kubadilisha nabadilisha seti nzima.

Mnaonunua vipuri mtandaoni, sikilizeni hapa, na mnaouza vilevile. "Sproketi ya Boksa" haitoshi kuwa maelezo. Tazama ubavuni mwa pingili za cheni, kuna namba imegongwa, nyingi za kwetu ni 428. Sproketi lazima iwe ya namba hiyo. Halafu matundu ya katikati lazima yafanane na ya kwako. Vua ya zamani, iweke juu ya karatasi, piga picha na rula pembeni, mtumie muuzaji. Na wewe muuzaji weka picha ya namna hiyo kwenye tangazo lako, utapunguza nusu ya maswali na mizigo ya kurudishwa.

Cheni yenyewe. Huku kwetu njia inabadilika kila baada ya muda mfupi: unatoka kwenye luseni, mchanga unaingia kwenye pingili, unafika mbugani tope jeusi linashindilia kote. Ukikaza cheni pikipiki ikiwa tupu bila kuipima na mzigo, umekosea. Mzigo ukikaa, pikipiki inashuka nyuma na cheni inajikaza zaidi. Iliyobanwa sana inakula beringi na inaweza kukatika. Panda wewe, mwambie mwenzako naye akae nyuma, halafu mtu wa tatu aipandishe na kuishusha cheni kwa kidole katikati. Ibaki na mchezo, na kwa kipimo chake fuata kitabu cha pikipiki yako. Na fungua kile kifuniko cha sproketi ya mbele uoshe, maana tope linajificha humo kwa wiki nzima. Mtakumbuka zile Yamaha AG walizokuwa nazo mabwana shamba: cheni yake imefunikwa yote kwenye boksi. Waliozitengeneza walijua zinakopita.

Madigadi ya mbele. Hii ilinishangaza mpaka nilipokwama. Madigadi iliyokaa karibu na tairi, tope la mbuga linajaa katikati mpaka gurudumu haligeuki kabisa. Gari halikusaidii hapo, unachokonoa kwa kijiti. Mpelekee fundi aipandishe juu, au aweke ile ndefu iliyofungwa juu ya shokomzoba kama za pikipiki za mashambani.

Tairi weka zenye vibonge vilivyoachana, hasa nyuma. Usidanganywe kupunguza upepo ili ishike tope. Hiyo ni ya watu wasio na mzigo. Wewe una kilo nyuma yako, ukigonga jiwe tairi inajikunja, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka mara mbili kwa pamoja. Fuata kipimo cha mwenye mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko au kitabu. Shokomzoba za nyuma nyingi zina ngazi za kukazia springi. Zungusha upande wa kulia na wa kushoto ngazi sawa. Ukisahau mmoja, pikipiki itakuwa inakuvuta upande na utamlaumu aliyekuuzia.

Nimeacha mzigo mwisho kwa sababu unahusiana na meno. Ukishafupisha gia, ya kwanza inakuwa na nguvu. Sasa kama mzigo wote uko kwenye keria, umepita nyuma ya ekseli ya gurudumu, siku unapanda kilima ukiachia klachi ghafla gurudumu la mbele linanyanyuka. Mimi lilinyanyuka nikiwa na katoni ya chupa za chai. Zilikuwa kumi, zilipona mbili, na mteja niliyemwahidi nilimrudishia hela yake. Tangu siku hiyo vizito vinakaa chini, pembeni, kwenye mifuko miwili inayoning'inia kulia na kushoto, uzito sawa, na vimesogea mbele karibu na mgongo wangu. Juu ya keria vinakaa vyepesi: nguo, mabegi, makava ya simu. Vya kuvunjika navizungushia vitenge vya kuuza, mteja wa kitenge hajawahi kulalamika.

Kilomita 500 za mwanzo, au kama kitabu chako kinavyosema, usiibebeshe mzigo wa machimboni. Najua umekopa na rejesho linakuja. Fanya za mjini kwanza, badilisha oili ya kwanza kwa wakati, na usiiburuze kwenye gia ya juu ikiwa inatetemeka. Na kabla hujatoa jino lolote muulize aliyekuuzia kama hilo linaathiri waranti yako, akujibu kwa meseji ili ibaki maandishi.

Bei ya kupeleka nayo iangalie upya. Kabla ya haya nilikuwa natoza machimboni sawa na Buseresere kwa sababu naogopa kupoteza mteja. Sasa kwa mwezi mzima naandika kwenye daftari mafuta, cheni, pancha na oili, kwa njia. Njia ya tope ilikuwa inakula karibu faida yote ya tochi. Siku hizi ya machimboni ina bei yake na natangaza mapema kwenye status: oda kabla ya saa nne asubuhi, mzigo unafika kabla ya saa tisa. Naweza kuahidi saa kwa sababu najua kile kilima nakipanda.

Nenda nje sasa hivi ukahesabu. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza ili usirudie. Niandikie namba mbili tu, ya mbele na ya nyuma, na njia unayopita ukiwa na mzigo, tupige hesabu pamoja.