Toni: Neno Moja, Nyuso Nyingi



Katika mantiki tunafundishwa mapema kwamba kabla ya kubishana juu ya jambo, tukubaliane kwanza juu ya maana ya maneno. Leo tulichunguze neno "toni". Mwalimu wa kwaya hulitumia anaposema waimbaji wameshuka nusu toni. Mchoraji hulitumia anapopima rangi iliyokolea na iliyopauka. Mwanaisimu hulitumia anapoeleza maneno yanayotofautishwa na sauti ya juu na ya chini. Nasi sote tunaigusa maana yake tunaposema: "Alichosema ni kweli, lakini namna alivyokisema!"

Je, haya ni maneno manne yaliyofanana kwa bahati, au ni neno moja?

1. Maneno yanayofanana kwa jina tu

Aristotle anakifungua kitabu chake cha Makundi kwa swali la namna hii. Kuna vitu vinavyoshiriki jina bila kushiriki maana. Kwa Kiswahili tuna "paa": mnyama wa porini, sehemu ya juu ya nyumba, na kitendo cha kwenda angani. Hakuna haja ya kutafuta undugu kati ya mnyama na bati.

Lakini "kichwa" ni tofauti. Tunasema kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni. Maana si moja, ila zimeshikana: kila kimoja kiko mbele au juu, na vingine hufuata. Mtakatifu Thomas wa Akwino huita jambo hili analojia. Katika Summa Theologiae (I, swali la 13, kifungu cha 5) anatoa mfano wa afya: mwili una afya, na dawa nayo huitwa ya afya kwa sababu inaileta. Tuone kama toni iko upande wa paa au upande wa kichwa.

2. Katika sauti

Neno hili linatoka katika Kigiriki, tonos, lenye mzizi wa kitenzi cha kuvuta au kukaza. Kila mpiga gitaa analijua hilo kwa vidole vyake. Uzi uliolegea hautoi noti, ukiukaza, sauti inapanda, ukizidisha, unakatika.

Sauti hupimwa kwa mitetemo. Noti ya "la" inayotumika kulinganishia vyombo ina mitetemo 440 kwa sekunde. "La" ya juu yake ina 880, ya chini yake ina 220. Lakini 440 yenyewe iko juu au chini? Kwa mwimbaji wa tena iko juu sana. Kwa mwimbaji wa sauti ya kwanza iko katikati tu. Juu na chini ni uhusiano.

3. Katika rangi

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Yalimfikia malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi ilikuwa hafifu. Alipochunguza aliona kwamba nyeusi haikuwa na kasoro. Iliyoidhoofisha machoni ni rangi iliyofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Tunaweza kujaribu wenyewe: vipande viwili vya karatasi ya kijivu ileile, kimoja juu ya kitambaa cheupe, kingine juu ya cheusi. Cha kwanza kitaonekana kimekolea, cha pili kimepauka.

4. Katika lugha

Lugha nyingi za Kibantu, kama Kihaya na Kisukuma, zina toni inayobeba maana. Kiswahili sanifu hakina toni ya namna hiyo. Tuna mkazo, unaotenganisha "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kusema sawasawa. Tuna pia kiimbo, kinachogeuza "Baba amekuja" kuwa swali bila kuongeza neno.

Mmisionari Mwingereza John Carrington aliishi na Walokele kando ya mto Kongo, jirani na Kisangani, na mwaka 1949 alichapisha kitabu juu ya ngoma zao zinazosema. Katika lugha yao, sentensi ya "alitazama ukingo wa mto", ikikosewa toni, yaweza kuwa "alimchemsha mama mkwe wake". Ngoma yao ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi hugongana. Kwa hiyo mpigaji hasemi "mwezi" peke yake. Anasema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Neno linaeleweka kwa majirani zake.

5. Uzi unaounganisha

Katika sehemu zote tatu, hakuna kitu chenye toni kikiwa peke yake. Noti inahitaji noti nyingine, rangi inahitaji jirani, silabi inahitaji silabi. Toni basi iko upande wa kichwa, si wa paa: ni analojia, na kiungo chake ni uhusiano.

6. Pingamizi na jibu

Mtu atasema: ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo. Mbili na mbili ni nne, iwe kwa kunong'ona au kwa kufoka. Toni inahusika nini na ukweli?

Tunajibu: kwa sentensi yenyewe, ni kweli. Lakini kusema ni tendo linalomwelekea mtu. Chukua maneno "Mungu anakuona". Mwambie mtoto kwa ukali, ni tishio. Mwambie mjane kwa upole usiku wa msiba, ni faraja. Maneno ni yaleyale na yote ni ya kweli, lakini wasikilizaji wawili wanaondoka na sura mbili za Mungu. Aliyesikia ya kwanza tu kwa miaka yote ataikimbia Sakramenti ya Kitubio, na hakuna aliyemfundisha uzushi wowote.

Mtume Paulo alilijua hili. Akiwaandikia Wagalatia kwa ukali (4:20), anatamani angekuwapo kwao ili aibadili sauti yake. Naye Maria Magdalena kaburini (Yn 20:16) alimtambua Bwana alipoitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, sauti tamu haiufanyi uongo kuwa kweli. Msemaji mlaini anaweza kupotosha kuliko mkali. Anayehubiri, anayesoma masomo na mzazi anayeonya, kila mmoja ana kazi mbili: kusema lililo kweli, na kumtazama anayeambiwa.

Maswali ya kutafakari
1. Ni ukweli gani wa imani tuliopokea kwa toni ya tishio tu?
2. Nyumbani au parokiani, ni nani anayehitaji kusikia maneno yetu yaleyale kwa sauti nyingine?