Somo kwa Makatibu: Kuwaongoza Watumishi wa Chama Wafanye Kazi kwa Umoja

Vyama vya wakulima wa pamba vya Kanda ya Ziwa, vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, vilichochewa sana na manung'uniko juu ya mizani. Mkulima aliona kuwa anapunjwa na mnunuzi. Basi ni aibu kubwa chama chake mwenyewe kikirudisha shaka ile ile mlangoni pa ghala.

Mara nyingi shaka hiyo haitokani na wizi, bali na watumishi kufanya kazi kila mtu kivyake. Mpimaji hutaja uzito, karani huandika, mtunza fedha hulipa, mtunza ghala hupokea. Mmoja akikosea na wenzake wakanyamaza, upungufu huonekana siku ya hesabu, na lawama humwangukia Katibu.

Katibu anazo nyenzo nne:

1. Mgawanyo wa kazi ulioandikwa. Kila mtumishi ajue wajibu wake na wa mwenzake. Apimaye asiwe ndiye mwandishi wa stakabadhi, wala mlipaji.

2. Kikao kifupi cha asubuhi. Dakika 10 zatosha. Mizani ihakikiwe kwa mawe yake mbele ya wakulima, na kila mtumishi aseme anachopungukiwa.

3. Ulinganishaji wa jioni. Stakabadhi, fedha zilizolipwa na kilo zilizomo ghalani, pamba safi mbali na pamba fifi, zilinganishwe siku hiyo hiyo. Kosa la leo hukumbukwa. La mwezi uliopita hubishaniwa.

4. Uhuru wa kusema. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Karani kijana akiona mshale wa mizani haurudi kwenye sifuri, aweze kusimamisha upimaji bila hofu. Katibu akimkaripia mbele ya watu, kesho atanyamaza, na wanachama ndio watakaolipia ukimya huo. Afadhali amshukuru, kisha achunguze kosa limetokeaje kabla ya kuuliza limetendwa na nani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watumishi wanaosahihishana mapema humlinda Katibu, na humlinda mkulima zaidi.

Maswali ya kujadili:

(a) Katika chama chenu, nani ana ruhusa ya kusimamisha mizani?

(b) Upungufu wa mwisho uligunduliwa lini, na ni nani aliyekwisha kuuona kabla akanyamaza? Kwa nini?