Dondoo muhimu: Msanii chipukizi anapojifunza kazi Dar es Salaam

Umepata mafunzo kwa vitendo kwenye studio au jumba la sanaa? Kabla ya kuanza, omba barua inayotaja muda, majukumu yako, na nani atalipa nauli na chakula cha mchana. Nauli ya kila siku huwaondoa vijana wenye kipaji kabla hawajafundishwa lolote, na hilo linaniuma.

Jifunze kushika kazi za watu. Turubai hubebwa kwa mikono miwili, ikishikwa pande za fremu, bila kidole kugusa rangi. Ukizipanga, uso utazame uso, mgongo utazame mgongo. Unyevu wa pwani huleta ukungu, kwa hiyo usiweke mchoro sakafuni wala usiuegemeze kwenye ukuta wa nje, hasa wakati wa masika. Rangi za kung'aa za mafuta wanazotumia wachoraji wa Tingatinga huchelewa kukauka kabisa. Uliza kabla ya kufunga mzigo.

Uwe na daftari: jina la kazi, mwaka, malighafi, kimo kisha upana, bei. Uliza pia kamisheni ya jumba inakokotolewaje, maana yaweza kufika hata nusu ya bei.

Ukipata muda, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, uwaone wasanii wakiwa kazini.

Na michoro yako mwenyewe? Itengee saa zake kila wiki, hata ukichoka. Ipige picha mchana, kivulini, bila flashi.