"NIMEOKOKA": SOMO LA NENO MOJA

Pita mtaa wowote wa Nakuru jioni, uwe Bondeni au Kaptembwo, utamsikia mtu akisema, "Bwana asifiwe! Mimi nimeokoka." Sisi wapenzi wa Kiswahili tusiipite hivi hivi tu sentensi hii. Ina sarufi, tena ina historia.

Tuanze na sarufi. Kitenzi ni okoa. "Okolewa" ni kauli ya kutendwa, na aliyeokoa aweza kutajwa: ameokolewa na fulani. "Okoka" ni kauli ya kutendeka. Mtenda hatajwi, twaona hali tu. Ndiyo maana abiria aliyetoka mzima kwenye matatu iliyopinduka naye "ameokoka". Lakini mjini kwetu, ukisema tu kwamba mama fulani ameokoka, hakuna atakayekuuliza ni ajali gani!

Maana hiyo ilivumishwa na Uamsho wa Afrika Mashariki. Mnamo 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda alikutana na Daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Moto ukawaka, na kufikia 1937 ulikuwa umefika Kabete, hapa Kenya. Waganda waliwaita wafuasi Balokole, yaani waliookoka. Walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakaitana "ndugu" bila kujali kabila.

Kwa maoni yangu, neno gumu ni hili la mwisho. Mtu aweza kuokoka peke yake, lakini ndugu ni lazima awe ndugu wa mtu. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Kisha Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, mji huu wa makabila mengi, waliosali pamoja walijikuta pande mbili. Hapo ndipo neno "ndugu" lilipopimwa upya, na si kila mtu aliyefaulu. Wahenga hawakukosea: vitendo hushinda maneno.

Zoezi:
1. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya "okoka" na "okolewa".
2. Toa nomino kutokana na tubu, amka na shuhudia.
3. Wewe unamwita nani ndugu? Jadilini chamani.