Somo la 14: Upatanisho wa Kisarufi na Hisia za Msemaji

Shabaha. Mwisho wa somo hili, mwanachuo aweze kueleza kwa nini kitu kimoja chaweza kuchukua viambishi vya ngeli tatu, na kupambanua kosa la mwanafunzi na chaguo lake.

A. Kifungu

Soma kifungu hiki kilichotungwa kwa ajili ya somo.

Mume na mke wa mtaa wa Munuki, mjini Juba, walinunua gari dogo lililokwisha kutumika. (1) Gari hilo lilikuwa na milango miwili, na watu wanne walipoingia, magoti yaligusana. Jirani alicheka: (2) "Kigari hiki kitabeba nini?" Mke akajibu: (3) "Kigari chetu kinatutosha." Kesho yake alikipa jina la Kibiriti, kwa kuwa kilikuwa na umbo la kisanduku na kiliwaka mara moja kila asubuhi.

Tangu siku hiyo lugha ya nyumbani ikabadilika. (4) "Kibiriti wetu amelala wapi?" (5) "Mwoshe, amechafuka." Usiku mmoja wa mvua, barabara ikiwa tope tupu, Kibiriti alimfikisha mtoto wao hospitali.

Mwaka uliofuata karo ya shule ilikosekana, na mnunuzi akaja. Mume akamwambia: (6) "Gari hili ni zima; injini yake haina hitilafu." Mke akauliza kutoka mlangoni: (7) "Baba Watoto, tangu lini Kibiriti amekuwa 'hili'?" Mume akanyamaza. Kisha akamgeukia mnunuzi: (8) "Tuwie radhi, ndugu. Hauzwi."

B. Maelezo

1. *Ngeli ya LI-YA.* Nomino *gari* ni ya ngeli hii. Ndiyo sababu ya *hilo lilikuwa* katika sentensi ya 1 na *hili* katika ya 6. Msemaji anataja chombo tu.

2. *Ngeli ya KI-VI.* Kiambishi *ki-* cha udogo huihamisha nomino, na upatanisho wote huifuata: *hili* huwa *hiki*, *letu* huwa *chetu*. Angalia kwamba sentensi ya 2 ina dharau na ya 3 ina mapenzi, ingawa umbo ni moja. Udogo ni wa kiambishi. Dharau au mapenzi ni ya muktadha.

3. *Ngeli ya A-WA.* Kwa umbo, *kibiriti* ni nomino ya KI-VI: husemwa *kibiriti kimelowa*. Lakini katika sentensi ya 4 na ya 5 tunapata *wetu*, *amelala* na kiambishi cha mtendwa *mw-*. Katika fasihi tunaiita tashihisi. Katika sarufi, upatanisho umefuata maana badala ya umbo, kama katika *kiongozi amefika* na *kijana wetu anasoma*.

Jina la utani peke yake halikipi kitu uhai. Jijini Dar es Salaam mabasi madogo ya abiria yaliitwa *vipanya*. Jina hilo limetokana na mnyama, lakini husemwa *kipanya kimejaa*, si *kipanya amejaa*. Lililomhamisha Kibiriti hadi A-WA ni jinsi wenyewe walivyomchukulia.

Sasa rudia sentensi ya 6 hadi ya 8. Mume hakusema kwamba amekwisha kuagana na Kibiriti. Alisema *hili* tu, na mke akaelewa. *Haliuzwi* lingekuwa jibu sahihi kwa mnunuzi. *Hauzwi* lilikuwa jibu kwa mke pia.

C. Kwa mwalimu

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinahitaji walimu huko. Mwanafunzi wa Juba aliyezoea Kiarabu cha Juba hakukutana na ngeli za namna hii katika lugha hiyo, hivyo atakosea mara nyingi. Hata hivyo, si kila *a-* isiyotazamiwa ni kosa. Zilinganishe:

(a) *Kibiriti wetu amelala uani.* Ni sahihi: jina limefanywa nafsi, na viambishi vyote vinakubaliana.
(b) *Kibiriti wetu kimelala uani.* Irekebishwe: msemaji ameanza na A-WA akamaliza na KI-VI.
(c) *Rafiki yetu amelala uani.* Ni sahihi: *rafiki* huchukua *yetu* katika umilikishi, lakini kitenzi hubaki na *a-*.

Kabla ya kutia kalamu nyekundu, muulize mwanafunzi: "Kwako wewe, hiki ni kitu au ni mtu wa nyumbani?" Akijibu, mtake alishike jibu lake hadi mwisho wa sentensi.

D. Zoezi

1. Andika upya sentensi ya 5 kwa kutumia *gari*, kisha *kigari*.
2. Eleza tofauti ya maana kati ya *Kibiriti kimezimika* na *Kibiriti amezimika*.
3. Tunga mazungumzo mafupi ambamo msemaji mmoja anabadili ngeli ya kitu kimoja. Eleza alichobadili moyoni mwake.