Njegere Katika Bustani ya Nyumbani

Wakulima wengi hulalamika wakisema, "Njegere zangu zilistawi, majani yakapendeza, lakini maganda yalikuwa haba." Mara nyingi kosa si la mbegu wala la mvua, bali ni la samadi mbichi iliyotiwa kwa wingi. Sababu yake ni hii.

Mnjegere ni wa jamii moja na maharagwe na kunde. Katika mizizi yake hutokea vinundu vidogo, na ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walilieleza jambo hili katika maandishi yao ya mwaka 1888. Basi ukiulisha mnjegere samadi mbichi kupita kiasi, vijidudu hulegea, nao mmea huzidisha majani badala ya maua.

Mahali. Njegere hupenda baridi. Katika Kenya hustawi nyanda za juu, kama vile Nyandarua, Molo na Meru. Penye joto jingi maua hupukutika bure. Huko yafaa kupanda kunde.

Kupanda. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Lima vizuri, utie samadi kidogo iliyooza kabisa. Mvua zianzapo, panda mbegu kwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Acha sentimita 5 baina ya mbegu na mbegu, na sentimita 60 baina ya mistari. Miche ikifika urefu wa kiganja, simika fito ipate kutambaa. Ikilala chini, hewa haipiti, na ukungu mweupe huyashika majani.

Kupima. Maua yakianza kuchanua, chimba mmea mmoja taratibu, ukate kinundu kwa ukucha. Ukiona wekundu ndani, jua kwamba vijidudu vinafanya kazi.

Kuchuma. Baada ya miezi miwili hadi mitatu, chuma maganda yaliyojaa yangali mabichi, kila siku ya pili au ya tatu. Yakiachwa yakakauka, mmea huacha kuchanua. Lakini bakisha mimea michache iliyo bora, ikaukie mahali pake, upate mbegu za msimu ujao, akiba haiozi.

Baada ya mavuno. Usiing'oe mimea. Ikate usawa wa ardhi, uiache mizizi ioze udongoni, kisha panda hapo sukumawiki au kabichi. Usirudishe njegere mahali hapo kabla ya miaka mitatu, magonjwa ya udongo yasije yakazidi.

Basi, msomaji, samadi yako mbichi iache kwanza ioze. Mnjegere hujitafutia chakula chake, na tena huiachia akiba mboga itakayoufuata.